Kaseroli ya Reuben: sandwichi ya deli iliyolazwa kwenye trei

Wale mlioko Marekani Reuben mnaijua, na kama huijui basi umeipita tu kwenye menyu ya deli, yaani duka la nyama zilizoiva na sandwichi, ukaenda zako kuagiza kuku. Ni sandwichi ya moto, ndani kuna kornbifu, yaani nyama ya ng'ombe iliyolowekwa kwenye chumvi, iliyokatwa vipande vyembamba ikapangwa mpaka inamwagika pembeni, kuna kabichi chachu ile Wajerumani wanaita sauakrauti, chizi ya Uswisi iliyoyeyuka, sosi ya pinki, na vyote hivyo vimebanwa katikati ya mkate wa rai, nafaka ya jamii ya ngano, uliokaangwa na siagi. Tamu balaa. Shida yake ni kwamba inatengenezwa moja moja kwenye kikaango, sasa wewe una wageni wanane sebuleni, wa kwanza keshamaliza kula anatafuta maji ya kunawa na wa nane bado anaangalia simu. Ndo maana Wamarekani, hasa wale wa majimbo ya katikati ambako chakula cha wageni lazima kipite kwenye trei, wakaichukua wakaigeuza kaseroli. Unapanga tabaka kwa tabaka, unasukumia kwenye oveni, baada ya saa moja hivi watu wote wanakula pamoja. Kwao hiyo trei ndo inayopelekwa kwa jirani aliyefiwa au aliyejifungua, au kanisani ile siku ambayo kila mtu anakuja na chakula chake, kwahiyo ukialikwa kitu cha hivyo na hujui upeleke nini, hii inakutoa kimasomaso.

Kuhusu nani aliianzisha, hapo ugomvi haujaisha mpaka leo. Watu wa Omaha, Nebraska wanasema ni Reuben Kulakofsky, Myahudi mzaliwa wa Lithuania aliyekuwa na biashara ya vyakula, kwamba aliibuni miaka ya 1920 akiwa anacheza poka na wenzake pale hoteli ya Blackstone. Watu wa New York wanasema hapana, ni Arnold Reuben wa deli ya Reuben's, na wao wanarudi mpaka 1914. Kinachojulikana ni kwamba 1956 mhudumu mmoja wa Omaha, Fern Snider, aliipeleka kwenye mashindano ya sandwichi ya taifa ikashinda, na toka hapo ikasambaa. Kitu kingine cha kuchekesha, watu wanaiita sandwichi ya Kiyahudi ila Myahudi anayeshika dini yake haili, kwasababu nyama na chizi kwao havikai sahani moja. Kwa Waislamu haina nguruwe ndani, unachotakiwa kuangalia ni nyama yenyewe imechinjwa wapi, na kornbifu za halali zipo.

Haya turudi jikoni. Kabla sijataja hata gramu moja ya kitu naomba hili ulishike, hii kaseroli ina adui mmoja mkubwa na huyo ni maji. Kabichi chachu imejaa maji, nyama inatoa maji, sosi nayo ni majimaji, na vyote vinalala juu ya mkate. Ukivipanga hivyohivyo unatoa kwenye oveni uji wa mkate wenye vipande vya nyama, na ndo maana kuna watu wameshaonja ya mtu wakaapa hawarudii. Karibu kila hatua nitakayokwambia hapa chini ni ya kupambana na maji, kwahiyo ukiona nakusisitizia jambo linaloonekana dogo usiliruke.

VITU VYA KUANDAA

Hii ni ya trei ya sentimita 23 kwa 33, yaani ile wao wanaita tisa kwa kumi na tatu kwa inchi, inatosha watu nane wanaokula vizuri:

- Mkate wa rai, gramu 450 hivi, wa jana au juzi ni bora kuliko wa leo
- Kornbifu iliyoiva, nusu kilo
- Kabichi chachu gramu 450, uzito wa kabla hujaikamua
- Chizi ya Uswisi gramu 350, ikwangue mwenyewe
- Siagi gramu 60
- Kisibiti kijiko kimoja cha chai
- Sosi: mayonezi kikombe kimoja, tomato sosi robo kikombe, matango ya kwenye siki yaliyokatwakatwa vijiko vitatu vya chakula, kitunguu kilichokatwa vidogo kabisa kijiko kimoja, na haradali kijiko kimoja cha chai

Chumvi hujaiona hapo na hutaiona. Nyama ina chumvi, kabichi ina chumvi, chizi ina chumvi, mpaka tomato sosi ina chumvi, ukiongeza hata ile ya kubana kwa vidole umeharibu. Kama nyumbani kuna mtu wa presha na yeye atakula basi suuza kabichi kwa maji ya bomba kabla ya kukamua, nyama badilisha maji ya kuchemshia mara moja katikati, na hata hapo mpe kipande kidogo, sitakudanganya kwamba hiki ni chakula cha mgonjwa.

NYAMA

Kornbifu ni nyama ya kidari cha ng'ombe iliyolowekwa siku kadhaa kwenye maji ya chumvi na viungo, na ile rangi yake ya pinki ambayo haiondoki hata ukiichemsha inatokana na naitraiti, kemikali ya kuhifadhi nyama, inayowekwa kwenye hiyo chumvi, kwahiyo usije ukaona pinki ukadhani haijaiva ukaendelea kuichemsha mpaka imechanikachanika. Una njia tatu za kuipata.

Ya kwanza na rahisi ni kwenda kaunta ya deli kwenye supamaketi wakukatie nusu kilo. Waambie wakate nene kidogo, unene wa milimita tatu hivi, maana ile nyembamba kama karatasi ni ya sandwichi, kwenye kaseroli inajikunja inakuwa bonge moja. Ya pili ni kununua kidari kibichi kilicholowekwa tayari, kipo kwenye mfuko wa plastiki na kipakiti cha viungo ndani yake. Mwezi wa tatu bei yake inashuka kweli kwasababu ya sikukuu ya Waairishi ya Saint Patrick's tarehe 17, watu wengi hununua viwili vitatu wakaweka friza. Kisuuze, kitie kwenye sufuria na maji yakifunike, weka vile viungo vyake, kikianza kuchemka punguza moto kabisa yawe yanatokota tu kwa mbali, saa tatu hivi kwa kipande cha kilo moja na nusu. Uma ukiingia bila kubishana kimeiva. Kiache kipoe ndo ukikate, na ukate kwa kukatiza nyuzi za nyama, ukikata kufuata nyuzi utatafuna mpaka kesho. Jua kwamba kinasinyaa sana, kilo moja na nusu haitoki kilo moja na nusu.

Ya tatu ni nyama ya kopo, na hapa naongea na ndugu zangu walioko nyumbani. Wazee wa Dar wanakumbuka kiwanda cha Tanganyika Packers pale Kawe, hii nyama ya kopo si kitu kigeni kwetu. Sio sawa na kornbifu ya deli, yenyewe imesagikasagika, ila inafanya kazi ukiipa heshima yake. Kopo la gramu 340 moja na nusu linatosha. Usiimwage kwenye trei ikiwa vile ilivyotoka kwenye kopo, weka kikaango kikavu bila mafuta juu ya moto wa wastani, ivunjevunje kwa mwiko, mafuta yake yataanza kuyeyuka yenyewe, iache bila kuigusa mpaka usikie mlio umebadilika kutoka kuchemka kwenda kukaanga na upande wa chini umekuwa wa kahawia unakatika, igeuze, rudia, halafu chuja mafuta. Hapo maji yametoka na imepata kitu cha kutafuna.

Hata hiyo ya deli ikaushe kidogo. Ikate vipande vya ukubwa wa kidole gumba, itandaze kwenye taulo za karatasi, ifunike na nyingine, gandamiza.

KABICHI, HAPA NDO PENYEWE

Sauakrauti ya dukani ipo ya kopo, ya chupa, na ile ya kwenye friji. Nunua ya friji ukiweza, bado ina ukali wake na inalia mdomoni, ile ya kopo imeshapikwa imelegea. Imwage yote kwenye chujio, iache dakika kumi ichuruzike. Halafu usiridhike. Chukua kitambaa safi cha jikoni, iweke katikati, kusanya pembe nne, zungusha na ukamue kama unakamua tui la nazi, kwa mikono miwili na kwa nguvu zote. Ukiona maji yameacha kutiririka yamekuwa matone, pumzika, zungusha tena, utashangaa yanatoka mengine. Ukimaliza iwe inaachana ukiichambua kwa vidole, sio inang'ang'aniana kama tope. Yale maji usimwage, yanafaa kwenye kachumbari badala ya siki.

Wa nyumbani ambao madukani haipatikani, tengeneza, ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kabichi kilo moja iliyokatwa nyembamba, chumvi gramu 20, yaani asilimia mbili, na hapo pima kwa mizani usikadirie. Iminyeminye kwa mikono dakika kama kumi mpaka itoe maji yake yenyewe, ishindilie kwenye chupa ya kioo mpaka yale maji yaifunike yote, weka kitu kizito juu ili kabichi isiibuke hewani, mfuniko uuache umelegea maana inatoa gesi na ukiukaza chupa inaweza ikapasuka. Hakuna siki hapo, ule uchachu unatengenezwa na bakteria waliopo kwenye kabichi yenyewe wanaokula sukari yake. Kwa joto la Dar au Mombasa anza kuonja siku ya tano, kwenye wiki hivi inakuwa tayari, kwa baridi ya Njombe au Limuru subiri wiki mbili tatu. Utando mweupe mwembamba juu unautoa kwa kijiko unaendelea, ila ukiona ukungu wenye manyoya au rangi ya kijani au nyeusi mwaga yote usiwe na huruma.

Na kama chakula ni kesho huwezi kusubiri wiki? Pika kabichi iliyokatwa nyembamba na siki vijiko vinne na sukari kijiko kimoja cha chai, kwa dakika kumi ukiwa umeacha sufuria wazi, ikauke. Ladha haifiki kule, lakini ule ukali unaohitajika kukata mafuta ya nyama na chizi utakuwepo. Bila ukali hiki chakula kinakinaisha kwenye kijiko cha tatu.

MKATE

Mkate wa rai ni mzito, una ukakasi kidogo, na mwingi una mbegu za kisibiti ndani. Kisibiti kwa macho kinafanana na bizari nyembamba kiasi kwamba hata wauza viungo wanachanganya, ila ladha ni vitu viwili tofauti, ukiweka bizari nyembamba umehamia kwenye pilau. Nusa kabla ya kununua.

Ukikosa rai tumia mkate wa brauni, au hata boflo likaushwe vizuri, ukinyunyizia kisibiti unasogea karibu. Usitumie tu ile mikate laini yenye sukari, inayeyuka na utamu wake unagombana na kabichi.

Kata mkate vipande vya mraba vya sentimita mbili. Tandaza kwenye trei pana, oveni iwe 150 za selsiasi, dakika 15, ukigeuza mara moja. Hatutaki uive rangi, tunataka ukauke, ukigonga viwili pamoja vilie. Halafu ugawe, theluthi mbili za chini, theluthi moja ya juu. Hiyo ya juu ndo unayochanganya na siagi iliyoyeyushwa na kisibiti.

SOSI

Hii haina maneno, changanya vyote kwenye bakuli. Ila yale matango yakamue kwanza kwa mkono, nayo yana maji. Wakiweka mzizi ule wa ukali, horseradishi, inaitwa sosi ya Kirusi, japo imezaliwa hukohuko Marekani, wasipoweka ndo hiyo Thousand Island ya kwenye chupa. Haradali inakaa badala ya hiyo horseradishi bila tatizo. Ya chupa ukiitumia ruksa, ila nyingi zina sukari sana, iongezee haradali na ndimu kidogo.

KUPANGA

Washa oveni 180 za selsiasi, kwa oveni za Marekani ni 350 za farenhaiti. Paka trei siagi.

Chini kabisa mkate ule wa theluthi mbili. Juu yake moja kwa moja nusu ya chizi, na hapa ndo natofautiana na mapishi mengi maana wengi wanaanza na kabichi au wanamwagia sosi kwenye mkate. Chizi ikiyeyuka inatengeneza kama sakafu ya mafuta juu ya mkate, maji ya juu yakishuka yanakwamia hapo. Halafu nyama yote, itandaze mpaka kwenye kona, mwenye kipande cha kona naye ni mtu. Halafu kabichi, ichambue kwa vidole ukiitawanya isilale mabonge. Juu ya kabichi ndo sosi, idondoshe kwa kijiko huku na huku ukiisambaza taratibu. Kisha chizi iliyobaki, na mwisho ule mkate wenye siagi.

Chizi ya Uswisi ukiikosa, gauda inafanya vizuri sana, na chizi za Njombe zile zinazoyeyuka pia. Cheda inafanya ila inatoa mafuta mengi. Mozarela peke yake imepooza mno, ichanganye na kitu. Na chizi iliyokwanguliwa tayari kwenye pakiti imepakwa unga ili isishikane, haiyeyuki sawasawa, ndo maana nilisema ukwangue mwenyewe.

Kuna watu wanamwagia mayai manne na maziwa kikombe kimoja na nusu juu, wanaacha friji usiku kucha ndo wanaoka asubuhi. Ni chakula kizuri cha asubuhi, sibishi, ila hicho ni kitu kingine, kinakuwa laini kote na kile cha kukatika mdomoni hukipati. Mimi hapana.

KUOKA

Funika na foili, oka dakika 30. Foili uipake mafuta upande wa ndani au uiinue katikati isiguse juu, la sivyo mkate unabaki umeng'ang'ania kwenye foili. Toa foili, rudisha dakika 12 mpaka 15. Angalia pembeni mwa trei, mapovu yawe yanapanda taratibu na ni mazito, yana rangi ya chizi. Ukiona mapovu mepesi yanaruka haraka kama maji ya chai bado kuna unyevu, acha dakika tano zaidi bila foili.

Kama huna oveni jiko la mkaa linatosha, ni ileile ya kuoka keki. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, trei au sufuria ndogo ndani, mfuniko, palia makaa juu. Chini weka moto hafifu kabisa maana mkate uko chini na ukiungua harufu inapanda mpaka kwenye nyama, juu ndo pawe na makaa ya kutosha. Dakika 30 za kwanza makaa machache juu, za mwisho ongeza. Nusu ya vipimo ndo itaingia kwenye sufuria ya kawaida.

Ikitoka, ngoja dakika 10 mpaka 15. Najua wageni wanakuangalia na harufu imeshafika kwa jirani, ngoja tu, ukikata saa hiyohiyo chizi inatiririka na tabaka zinahama, ukingoja inakatika vipande vya mraba vinavyosimama kwenye sahani. Pembeni weka matango ya siki au kachumbari isiyo na chumvi. Pilipili ya kuwasha weka mezani, Mmarekani hataigusa ila wa kwetu wataiulizia.

Ukitaka kuiandaa mapema panga kila kitu jana yake, funika weka friji, ila ule mkate wa juu wenye siagi weka pembeni kwenye kopo, uumwage dakika ya mwisho kabla ya oveni, na uongeze dakika kumi kwenye muda wa foili kwasababu trei inaingia ikiwa ya baridi. Trei ya kioo usiitoe kwenye friji ukaisukuma kwenye oveni ya moto muda uleule, inapasuka, iache mezani kidogo kwanza. Iliyobaki inakaa friji siku tatu mpaka nne, pasha kwa oveni au kwenye kikaango chenye mfuniko juu ya moto mdogo. Maikrowevu inalegeza mkate wote. Kwenye friza sishauri, mayonezi ikigandishwa inaachana na mafuta yake na ukiiyeyusha yale maji uliyohangaika kuyakamua yote yamerudi.